Treni Iliyosimama Mezani

Mdogo wangu amekuja kutoka Lubumbashi na treni ndani ya boksi. Usicheke, ndugu yangu. Yeye ni mtu mzima mwenye ndevu, na treni yenyewe ni kitu cha kuchezea, fupi kuliko mkono wangu, nyekundu inang'aa, ya kutumia umeme. Ndani ya boksi mlikuwa pia na reli za kuunganisha na vijumba vya plastiki vyenye theluji kwenye paa. Aliwaletea wanangu. Tukaondoa vyombo kwenye meza ya sebuleni, tukapanga reli, tukavuta waya kutoka kwenye betri ya sola, na ile treni ikaanza kuzunguka katikati ya theluji. Watoto wakapiga makofi. Mimi nikasema theluji haijawahi kuanguka hapa Kindu, na kama kitu hiki kitakaa nyumbani kwangu, basi kitakuwa reli ya Kindu.

Kazi ikaanza hapo. Theluji tuliikwangua kwa kisu, mapaa tukayapaka rangi ya kutu, upande mmoja wa meza tukaweka kitambaa cha kahawia kiwe mto Lualaba. Mdogo wangu ni fundi umeme, mtu wa kupenda kila kitu kikae mahali pake, akataka kujua: hii ni Kindu ya mwaka gani? Maana magari ya barabarani yanategemea mwaka. Kama ni ya leo, tujaze pikipiki. Kama ni ya wakati wa wakoloni, itabidi tuweke vitu ambavyo sisi hatukuviona kwa macho. Nikamjibu bila hata kuwaza kwamba ni Kindu ya miaka ya vita.

"Lakini yaya," akasema, maana mimi ndiye mkubwa wake, "ile miaka treni haikukuwa inatembea."

Nikamwambia basi isimame, nikachomoa waya. Watoto walininunia mpaka wakati wa kula, na mdogo wangu akanitazama kama mtu aliyenunua kuku akaambiwa hataliwa. Lakini mimi nikishika neno sibanduki, na hilo nimerithi kwa bibi yangu.

Nikuambie mapema usije ukapotea: huyu mdogo wangu ni mtoto wa baba, si wa mama yangu. Alizaliwa Kamina, mbali huko kusini kwenye reli, katika miaka hiyohiyo ninayoisema. Baba yetu alikuwa mashinisti, dereva wa treni, na sisi tulikaa Kindu katika kampi ya wafanyakazi wa reli. Asubuhi moja alipanda mashini yake akaondoka na shehena ya mchele na mawese. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Vita vikakata njia nyuma yake. Hapakuwa tena na treni ya kwenda wala ya kurudi, na hapakuwa na mtu wa kupeleka habari.

Kinachonijia kwanza ninapokumbuka ni ukimya. Zamani mji mzima uliamshwa na honi ya treni. Sasa tuliamshwa na kinu cha wanawake wanaotwanga sombe, yaani kisamvu. Mabehewa yaliyobaki stesheni yaliingiwa na watu waliokimbia vijiji, wa njia ya Lokandu na wa njia ya Kibombo. Jirani yetu mmoja, mama wa Kibombo, alikaa na mume wake ndani ya behewa la mizigo. Kila asubuhi alifagia chini ya magurudumu, akaanika nguo kwenye kamba aliyoifunga mlangoni, akabandika chungu chake. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kazi ya behewa. Niliamini ni aina ya nyumba, na kwamba magurudumu yaliwekwa kwa urembo tu.

Reli nazo zilikuwa shamba. Kwenda mbali na mji kulikuwa hatari, kwa hiyo watu walipanda matembele na lengalenga, yaani mchicha, katikati ya mataruma, zile nguzo zinazolala chini ya chuma. Mchele ulianikwa kwenye mikeka juu ya reli kwa sababu chuma kilishika joto. Nikipita mahali popote nikasikia harufu ya mchele unaokaukia juani, najiona tena miguu mitupu, nafukuza kuku wa kampi.

Siku moja nililia kwa bibi, mama yake baba, kwamba sura ya baba imenitoka kichwani. Bibi hakunibembeleza, hiyo haikuwa kazi yake. Alinipa beseni akanituma mtoni kuchota udongo. Niliporudi alikuwa amefagia chini ya upenu wa nyumba, akaniambia tutajenga reli hapo, na stesheni, na kampi, na mji kadiri tunavyoweza.

"Baba yako akirudi, utamuonyesha," alisema. "Mi sitakuwa na kinywa ya kuelezea vyote."

Sheria yake ilikuwa kavu. Kilichopo kiwekwe, kilichoondoka kiondolewe, na kitu kisiongezwe kwa sababu ni kizuri. Reli tulizichonga kwa mianzi. Mabehewa yalikuwa makopo ya sardini, na nyuzi za gunia zikawa kamba za nguo za jirani yetu. Magari ndiyo yaliyonichosha, kwa sababu mji haukuwa na magari. Lori la miaka ile lilikuwa ni kinga, yaani baiskeli: wanaume walisukuma kinga zilizobeba madumu ya mawese na magunia ya mchele, fimbo imefungwa kwenye usukani, siku nyingi porini kwenda Kibombo na kurudi. Mume wa jirani yetu alikuwa mmoja wao. Mkewe ndiye aliyenifundisha kukunja waya za mwavuli mbovu mpaka zikawa magurudumu, na nilipoleta kinga ya kwanza kwa majivuno yote, bibi aliigeuza mkononi akauliza ni nani anayesukuma kinga tupu. Nikarudi kushona vigunia vya matambara, nikavijaza mchanga.

Sokoni palikuwa na lori la askari lililoungua. Nililitengeneza kwa kopo, nikalichoma jikoni mpaka likapata rangi ileile, na mama akanigombeza kwa moshi. Nyumba fulani ikiibiwa mabati, na sisi tunaezua. Walipofika askari wa kigeni wa kulinda amani na magari yao meupe, tulipaka chokaa vipande vya mti. Mvua ilikuwa adui yetu mkubwa, kwa kuwa udongo ukinyeshewa unarudi kuwa matope. Kila masika tulianza upya. Hata katika miezi ile ya njaa, tulipokula sombe bila mafuta na bila chumvi, bibi alitoka kila siku kukagua na kuuliza kimebadilika nini mjini.

Mama hakuigusa kazi hiyo hata kwa kidole. Aliivuka na ndoo yake kichwani, akaangalia mbele. Alikuwa amesikia kwa wasukuma kinga, kama kampi nzima ilivyosikia, jinsi wanaume waliobaki kusini walivyojipatia nyumba nyingine. Mara moja tu alisema, tena kwa sauti ya chini, "Muntu haiko, nyinyi munamujengea treni." Bibi akaendelea kulainisha udongo. Mimi niliogopa. Niliogopa kila siku kwamba mama ndiye mwenye haki, na kwa sababu hiyo nilizidi kukunja waya.

Kisha amani ikasemwa redioni, na watu wakaitwa kufyeka reli. Matembele yaling'olewa, mabehewa yakaondolewa watu. Jirani yetu alitoa vyungu vyake kimoja kimoja, akakaa chini akalia, halafu wakafunga mizigo juu ya kinga na kurudi kwao Kibombo. Sheria ni sheria, nikaiondoa kamba yake ya nguo pale chini ya upenu. Lakini mengine bibi alinikataza kuyagusa. Alisema sasa tuache hivyo, baba mwenyewe yuko njiani, aone tulivyoishi.

Siku ya treni, Kindu nzima ilikuwa stesheni. Honi ilipolia kutoka mbali wanawake wakubwa walikimbia kama wasichana. Baba alishuka amekonda, kichwa kimeota mvi, na nilimjua kwa sababu bibi alimwangukia kifuani. Mimi nilimpa mkono kama ninavyompa mgeni.

Kabla hajala, bibi alimpeleka chini ya upenu. Baba alichuchumaa akatabasamu. Halafu mikono yake ikaanza kazi: akatoa kinga zilizokuwa kando ya reli, akachomoa majani niliyoyapanda kati ya mataruma, akasukuma pembeni lori lililoungua. Alisema reli ya Kindu haikuwa hivyo, ilikuwa safi. Alitaka kunionyesha ilivyokuwa. Mimi nilikasirika, lakini alikuwa mtu nisiyemjua.

"Wacha vile," bibi akamwambia. "Ukitoa hiyo, unatoa na siku zetu."

Baba alisimamisha mikono. Akarudisha kimoja kimoja, na kila alichorudisha aliniuliza habari yake. Nikamweleza hapa palikuwa mchele wetu, hapa alikaa mama wa Kibombo, njia hii ilikuwa na askari. Alisikiliza yote. Nilipomaliza, bibi akamsogezea beseni la udongo, akasema sasa na yeye aweke ya kwake.

Baba alikaa muda mrefu akikanda. Mwisho wa reli, karibu na ukuta wa jiko, akajenga treni iliyosimama. Pembeni yake akajenga nyumba. Mlangoni akasimamisha mwanamke, na mgongoni mwa mwanamke akabandika kitu kidogo, si kikubwa kuliko punje ya hindi. Mama alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Aliangalia ile nyumba, akaangalia tena, na mimi nilifikiri ataikanyaga.

"Huyu mutoto iko na jina?" akauliza.

Baba akalitaja. Lilikuwa jina la babu, marehemu mume wa bibi. Bibi akaziba mdomo kwa kanga.

"Basi, ni mutoto wa hapa," mama akasema, akarudi jikoni kwake. Hakuzungumza na baba mpaka mvua zikaisha, lakini neno lake hakulirudisha, na mtoto alipopata umri wa kusafiri alikuja kwetu likizo. Kila akifika, mama alimpakulia wa kwanza.

Sasa baba na mama tumewazika, na bibi tulimzika kabla yao. Ule upenu ulianguka, udongo wetu umerudi kuwa udongo, na kwenye njia ya Kibombo vijana wanapita na pikipiki, hawajui ni miguu ya nani iliyoifungua njia hiyo. Treni bado inakuja, inapotaka. Namkumbuka jirani yetu na kamba yake ya nguo, na sijui kama yu hai. Wanangu wanaweka chumvi kwenye sombe bila kuiangalia. Nashukuru kwa hilo, na bado inaniuma kwamba hakuna aliyebaki wa kukaa naye tukasema: unakumbuka?

Ndiyo maana nilishikilia miaka ya vita. Siku kadhaa nilishinda mezani. Mdogo wangu alinichunia nyaya za shaba nikakunja kinga zangu, na safari hii hakuna iliyokuwa tupu. Nikapanda matembele ya uzi wa kijani, nikafunga kamba ya nguo mlangoni mwa behewa. Yeye naye alichukua mwisho wa pili wa meza, akajenga Kamina yake kimya kimya: karakana, tangi la maji, nyumba moja, mwanamke mlangoni, na mtoto ambaye sasa anasimama kwa miguu yake. Nikamwambia kuna mtu amepungua.

Akasema baba ni wa kwetu sisi, wa Kindu. Kwao Kamina wote walimwambia hivyo tangu akiwa mdogo.

"Hata treni, wacha isimame, yaya," akasema. "Ile miaka treni ilisimama, mi ndiyo nilikuwa na baba. Siku ilianza kutembea, nilimuona anapanda."

Nilikaa kitini. Ile honi, maisha yangu yote nimeihesabu kuwa sauti tamu kuliko zote nilizowahi kusikia. Sikuwahi kuwaza kwamba treni iliyotufikia sisi ilikuwa imemwacha mtoto kando ya reli, anaiangalia ikipotea. Ilinichoma. Watoto wakaja kuuliza kama sasa tunaweza kurudisha waya. Nikawaambia hapana, kazi haijaisha.

Nikachukua udongo. Mabega ya baba nayajua, yaliinama kidogo upande wa kulia, na kofia yake ya mashinisti ilikaa nyuma ya kichwa. Nilimtengeneza polepole mpaka nikaridhika ni yeye. Kisha nikapita upande wa pili wa meza nikamweka mlangoni mwa nyumba ya Kamina, kwa sababu miaka ile ndiko alikokuwa. Mdogo wangu akamsogeza yule mtoto kidogo, baba apate nafasi.