Tufunge Macho

Komite yetu ya kupanda makanisa ilikuwa na kitambaa kirefu cheupe chenye maandishi mekundu: MAOMBI KWANZA. Fundi wa sokoni hapa Bunia ndiye aliyekishona, na kila tulipokutana kilitundikwa ukutani nyuma ya kiti cha prezida. Katika miaka minne niliyokuwa sekretere, sikumbuki hata siku moja tulipoomba chini ya kitambaa hicho kwa muda wa kutosha kuchemsha chai.

Maombi yalikuwa namba moja kwenye ajenda, siwezi kulikana hilo, maana ajenda niliiandika mimi. Ila namba moja ilikuwa na kazi yake maalumu, nayo ni kungojea wanaochelewa. Prezida wetu, mchungaji mwenye diploma na koti la mistari, alihesabu viti vilivyobaki wazi, kisha akamgeukia mama aliyekaa karibu na mlango. "Mama, utuombee. Lakini ya mufupi." Mama alisimama akaomba ya mufupi. Ikiwa viti bado viko wazi, aliashiriwa aongeze kidogo. Vikijaa, prezida alikohoa, na Amina ikaja mbio. "Sasa tuingie kwenye kazi," alisema, na wote tukasogeza viti mbele kwa furaha ya watu waliofunguliwa.

Wala mimi sikuwa bora. Prezida akisema "Tufunge macho," wenzangu walifunga macho, nami nilifungua daftari. Ulikuwa wakati mzuri sana wa kuandika: kimya, hakuna wa kukukatiza. Rapoti zangu zilisifiwa kwa unadhifu, na hakuna aliyejua kwamba nusu ya unadhifu huo ulipatikana wakati wengine wanasema na Mungu. Nilijiambia kuwa huo ni utumishi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha kuamini kuwa upande wa pili kuna anayesikiliza, na mshahara wa sekretere haukudai niamini.

Miaka ile watu walikuwa wameanza kurudi kwenye milima ya njia ya Bule. Bunduki zilikuwa zimepunguza sauti, hazijanyamaza. Kila asubuhi, kabla ya kusalimiana vizuri, watu waliulizana kama njia iko salama. Kutoka kilima kimoja ikatufikia barua. Watu kama thelathini waliorudi kwenye mashamba yao walikuwa wanakusanyika chini ya turubai, wakaomba tuwapokee kama kanisa na kuwapa mabati kabla ya mvua kubwa. Tulikuwa na mabati ya kanisa moja tu, na kikundi kingine, kwenye senta moja ya biashara njia ya Nia-Nia, nacho kilikuwa kimeandika. Ikabidi twende tukatazame nani anastahili.

Kilimani tulikwenda watu saba, ndani ya gari la kukodi, pamoja na kitambaa chetu. Tulikuta nyumba ya udongo iliyofunikwa kwa turubai, yenye madirisha matatu yasiyo na mbao na mlango usio na mlango. Aliyewakusanya watu wale alikuwa mama mmoja mjane, mkulima wa maharage, mwenye sauti ya chini na viatu vya plastiki. Alitupa viazi vya kuchemsha, akatuketisha katikati. Kitambaa kikatundikwa juu ya udongo mbichi. Prezida akasimama, akasema, "Tufunge macho," na kwa kuwa siku hiyo alikuwa na watazamaji wapya, hakuomba ya mufupi hata kidogo.

Mimi nikafungua daftari. Nilipoinua kichwa kutafuta neno, nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kanisani. Watu wote wa kilima kile walikuwa macho wazi. Wazee wameelekea madirishani, wamama wamegeukia mlango, na yule mjane anaangalia barabara juu ya bega la prezida, bila aibu yoyote. Macho yetu yakakutana. Akaniinamishia kichwa kidogo, kama unavyomwinamishia mtu mnayefanya naye kazi moja. Sikuelewa. Niliinama nikaandika nilichoona.

Njiani kurudi nilimsimulia prezida. Alicheka kwa masikitiko ya msomi.

"Papa sekretere, hawa watu bado hawajafika. Mutu anaongeaka na Mungu na huku iko anaangalia barabara?"

Ndani ya gari lile tulicheka sote, tumeshiba viazi vyao. Usiku wa rapoti nikatunga sentensi ambayo niliipenda kuliko zote: "Waumini wa kilima hiki hawana bado desturi ya maombi, hata macho hawafungi." Komite iliisoma ikatikisa kichwa kukubali, kwa heshima. Watu sita wenye akili zao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza sekretere ameonaje.

Mabati yakaenda njia ya Nia-Nia, ambako wanafunga macho mpaka jasho linawatoka na wana kinanda. Mwaka haukuisha, wakagawanyika kwa sababu ya kinanda hicho. Mabati yako pale bado, juu ya viti vitupu.

Ila hayo yalikuja baadaye. Kwanza ilibidi kilima kile kipelekewe barua ya kukataliwa, yenye muhuri, ikiwa na sentensi yangu ndani. Prezida alikuwa na semina. Nikatumwa mimi, kwa pikipiki.

Nilifika saa sita mchana, watu wametoka mashambani na udongo miguuni. Yule mama alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, papa sekretere. Uko na barua?"

"Ndiyo, mama. Iko."

"Itangoja. Maombi kwanza."

Alisema maneno yale bila kitambaa. Akanishika mkono, akaniweka kwenye dirisha la upande wa barabara. "Weye utasimama hapa. Unaona ile mikaratusi kule chini? Ukiona watu wanatoka pale na hauwajue, unakohoa." Wengine wakashika madirisha mawili na mlango, macho wazi. Waliobaki wakapiga magoti chini ya turubai wakafunga macho.

Waliomba muda mrefu. Hakuna aliyepaza sauti. Waliombea maharage, na ndugu zao waliobaki kambini Bunia. Waliombea watu wa kilima cha ng'ambo, wale waliopigana nao, wakakitaja kijiji chao kwa jina. Wakaombea komite yetu, tupewe hekima. Katikati, waliopiga magoti waliinuka kushika madirisha, na waliokuwa madirishani wakapiga magoti. Nilipoguswa bega nipokelewe zamu, nilikataa. Nilikuwa na woga. Niliangalia mikaratusi ile nikitamani kwa moyo wote asitokee mtu, kwa ajili ya wale waliokuwa wamenipa migongo yao. Sikuwa na kalamu mkononi. Nadhani niliomba.

Baada ya Amina, mama akaketi karibu yangu. Nilimuuliza ni desturi gani hii.

"Vita ilitukutaka mu maombi," akasema. "Siye wote tulikuwa tumefunga macho. Bwana wangu alikuwa anaomba, hakumaliza. Toka ile siku tunagawanaka. Wamoja wanafunga, wengine wanachunga. Na mwenye kuchunga, naye iko anaomba."

"Na siku ile tulikuja? Hakuna mwenye alifunga."

"Ile siku mulifunga nyinyi wote mara moja." Alicheka kidogo. "Wageni, watu ya mujini, hakuna hata wa kuchunga. Tulishangaa. Tukasema, leo wageni wafunge, siye wote tuchunge. Kisha nikakuona weye, macho wazi. Nikawaambia wamama: tusiwazarau, wako na mutu moja ya kuchunga, ni ule ya kalamu. Njo maana leo nimekupa dirisha."

Sikujua niangalie wapi.

"Sasa tusomee barua," akasema.

Ningeweza kusema imelowa, au nimeisahau mjini. Walikuwa wamekaa wote, wananingojea. Nikaisoma. Nilipokaribia sentensi yangu nilifikiri kuiruka, lakini mama alikuwa ananitazama usoni, na nikashindwa. Niliisoma yote, na habari ya mabati baada yake. Nje kuku alikuwa anachakura kwenye majani makavu.

"Ni nani aliona, akasema hatufunge macho?" mama akauliza.

"Ni miye, mama."

"Na weye ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naandika."

Alifikiri. Nilitamani akasirike, lakini hakukasirika.

"Kumbe haukukuwa unachunga."

"Hapana."

Akaichukua barua, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia yake mahali alipoweka barua zake nyingine. Kisha akasimama kwenye dirisha, pale pale nilipokuwa nimesimama mimi, akanisukuma polepole kuelekea katikati.

"Kuja huku ndani, papa. Funga macho. Miye nitaangalia."

Nikapiga magoti kati ya watu niliowanyima mabati, nikafunga macho.