Kabureta Nne za Kajetani

Kajetani alikuwa fundi wa kampuni ya mabasi ya umma mjini Songea mpaka kampuni yenyewe ilipokufa. Haikufa siku moja. Kwanza yalikwisha matairi, kisha mishahara, kisha watu wakaanza kuondoka na vifaa vya karakana chini ya makoti. Kajetani hakuondoka na kitu. Alirudi nyumbani kwake Msamala, akachimba shimo la kuingilia chini ya magari ubavuni mwa nyumba, akazungushia mabati chakavu, na watu wakaanza kumletea kazi.

Aliyemletea kazi zaidi ni Bashiru, mtu wa Nakapanya huko Tunduru, ambaye alikuwa dereva katika kampuni ileile. Walikuwa wameshinda chini ya mabasi pamoja miaka mingi, wakala ugali mmoja. Kampuni ilipokufa Bashiru alipata Datsun 160J kuukuu, rangi ya maziwa iliyochujuka, akawa anapakia abiria kati ya Songea na Tunduru, na msimu wa korosho ukifika anazunguka na wanunuzi. Ilikuwa miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia vijijini, na anayefika kwanza ndiye anayepata mzigo.

Datsun ikaanza kumchelewesha. Kabureta yake ilikuwa imelika kiasi kwamba hakuna gasketi wala msasa ungeweza kuiponya. Maduka ya spea yalikuwa yamefurika mali za kutoka nje, lakini za magari mapya. Kabureta ya gari lile hakuwa nayo mtu. Bashiru akaenda Dar es Salaam kuitafuta, akarudi na gunia.

"Sikuipata," alisema, akamwaga mzigo wake kwenye turubai. "Nimepata hizi. Za pikipiki. Jamaa alikuwa anauza kama chuma chakavu."

Zilikuwa kabureta nne zilizofungwa pamoja safu moja, zimetoka kwenye pikipiki kubwa ya Kijapani yenye silinda nne. Kajetani alizishika, akazipuliza vumbi, akafungua na kufunga visahani vyake vya hewa kwa kidole. Vyote vinne vilitembea pamoja. Akaenda nazo mpaka kwenye injini ya Datsun, akaziweka mbele ya matundu manne ya kuingizia hewa, akakaa hapo bila kusema kitu.

Mkewe Walburga alikuwa anachambua maharage mlangoni. Alimfahamu mumewe akinyamaza namna ile.

"Hilo gari litatembea na kabureta za pikipiki?"

"Litatembea zaidi."

"Zaidi ya nani?"

Kajetani akaanza kupima matundu kwa vidole. Wazo lilikuwa limeshamwingia. Kila silinda ingekuwa na kabureta yake, ivute hewa yake yenyewe bila kugombea tundu moja na wenzake.

Kazi ile ilimchukua masika nzima. Aliyeyusha pistoni mbovu za aluminiamu, akazimimina kwenye ukungu wa mchanga, akapata bamba na mabomba manne mafupi ya kushikia kabureta. Kati ya bomba na kabureta akaunga kwa vipande vya mpira wa rejeta ya lori. Matundu ya kupitishia petroli yalikuwa madogo kwa injini ya gari, hivyo akaazima sindano za fundi saa mmoja pale sokoni, akayapanua taratibu, anajaribu, anasoma rangi ya plagi, anapanua tena. Mwisho akachukua mpira mwembamba, akaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta, akazirekebisha hadi zote nne zikavuma sauti moja.

Siku gari lilipowaka sawasawa, majirani walitoka nje. Halikuwa linanguruma kama magari mengine. Lilikuwa kama linameza upepo. Kajetani alikanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena, na Walburga aliyekuwa anamtazama kutoka mlangoni akacheka, maana tangu kampuni ife hakuwa amemwona mumewe na uso ule.

Kabla ya kumkabidhi Bashiru funguo, Kajetani alimwita mbele ya boneti.

"Tazama hapa. Breki za gari hili zinasaidiwa na mvuto wa injini. Zamani ulitoka kwenye bomba moja. Sasa kila silinda inavuta peke yake, kwa hiyo nimetoa mpira mdogo kila bomba, yote minne inaingia kwenye hiki chuma, halafu unakwenda kwenye busta, hiki kikombe kinachosaidia breki. Mipira hii usiiguse. Ukiifunga, utakanyaga pedeli kama unakanyaga jiwe."

"Mimi nimeshuka mteremko wa Lukumburu na basi halina breki kabisa," alisema Bashiru. "Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Usiiguse."

Walburga alikuwa jikoni. Maneno yale yalikuwa ya fundi na dereva, na hakuna aliyefikiri kumwita.

Korosho zilipoanza, Datsun ilivuma. Watu wa Tunduru walianza kumngojea Bashiru na kuyaacha magari mengine. Mafundi wengine walikuja Msamala kuchungulia, na Kajetani aliwafungulia boneti bila choyo.

Ndipo Oliva, mdogo wake Walburga aliyeolewa Namtumbo, akajifungua. Walburga akafunga mzigo wa kwenda kumhudumia: unga wa uji, sufuria, khanga na kisu cha jikoni. Bashiru alikuwa anapita njia hiyo.

"Shemeji, kaa mbele," alimwambia. "Utafika kabla hujasinzia."

Jioni ya siku hiyo askari wa usalama barabarani alikuja kumwita Kajetani. Gari lilishindwa kwenye mteremko kabla ya Namtumbo, likaacha njia, likapinduka kwenye mtaro. Abiria wa nyuma walikuwa na michubuko. Bashiru alikuwa na jeraha la paji la uso. Mguu wa kushoto wa Walburga ulibanwa na mlango, na walikuwa wamempeleka hospitali ya Peramiho.

Kajetani alipofika hospitali, mguu ulikuwa umeshakatwa juu ya goti. Walburga alikuwa bado hajazinduka. Kwenye korido alimkuta Joachim, kaka yake Walburga, amesimama na Bashiru. Bashiru alikuwa anasema, na alipomwona Kajetani hakunyamaza.

"Wallahi, nilikanyaga breki zikakataa. Pedeli ngumu kama mwamba. Gari lilikuwa na breki nzuri kabla ya hayo makabureta yake."

Joachim alimtazama shemeji yake.

"Ulimpakia dada yangu kwenye majaribio yako," alisema.

Kajetani hakujua kama ni kweli. Kesho yake alikwenda kituo cha polisi lilikovutwa gari, akaomba kufungua boneti. Ile mipira minne midogo ilikuwa imechomolewa. Kila tundu lilikuwa limezibwa kwa kijiti cha mti kilichochongwa vizuri na kuvingirishwa kipande cha mfuko wa plastiki wa rambo. Akaokota mipira yenyewe, akaipitisha vidoleni mmoja mmoja. Mmoja ulikuwa umepasuka, umekauka kwa joto la ekzosi iliyokuwa chini yake. Ulikuwa mpira wa mtumba. Siku ile alikosa mpya, akaona utafaa.

Alimkuta Bashiru kwenye chumba alichopanga mjini, bandeji kichwani.

"Nani alichonga vile vijiti?"

Bashiru alitazama pembeni. "Gari lilikuwa linazima. Kila nikipunguza mwendo linazima. Mpira wako mmoja ulipasuka unavuta hewa. Nikaziba yote ili silensa itulie, injini isizime. Likatulia."

"Nilikuambia usiiguse."

"Ningefanya nini, Kajetani? Niwaache abiria porini?"

"Ungewaacha. Wangelala porini, wakaamka na miguu yao."

Kajetani akaondoka, na hawakuzungumza tena.

Walburga alipopata nguvu ya kukaa, Kajetani alimweleza. Alisema kwa haraka, kama mtu aliyebeba kitu cha moto: vijiti, mfuko wa rambo, breki, jinsi alivyomwonya Bashiru. Alitaka mkewe aseme kwamba si yeye mwenye kosa.

Walburga alisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," alisema. "Nilimwona akivichonga. Kisu kilikuwa changu. Aliniomba nikatoa kwenye mzigo, na nikamshikia vijiti akichonga kingine. Nilimuuliza, shemeji, hicho ni nini? Akasema ni hewa tu."

Kajetani akakalia ukingo wa kitanda.

"Ningejua ni breki ningeshuka," Walburga aliendelea. "Ningerudi kwa miguu. Wewe ulijua, yeye alijua. Mliambizana mkiwa mmesimama hatua chache kutoka jikoni kwangu, halafu mkanipandisha nikakaa mbele."

"Sikufikiri..."

"Hukufikiri juu yangu. Ulifikiri juu ya gari."

Kajetani akamwomba amwambie Joachim habari ya vijiti. Walburga alikubali, na Joachim alipokuja na ndugu zake alieleza yote, bila kumwongezea wala kumpunguzia mtu. Joachim akamgeukia Kajetani.

"Alivichonga kwa sababu gani?"

"Mpira mmoja ulipasuka."

"Huo mpira aliuweka nani?"

Nje wauguzi walikuwa wanaanua mashuka. Joachim akasimama, akamwinamia dada yake akamuaga, akatoka na ndugu zake bila kumpa Kajetani mkono.

Bashiru alitozwa faini akarudi Nakapanya. Watu waliotoka huko walisema alieleza kila aliyeuliza kwamba fundi wa Songea alimharibia gari. Msamala nako maneno yalikuwa hayohayo. Wateja hawakumkimbia Kajetani kwa siku moja. Walipungua kama walivyopungua watu wa kampuni, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake. Mwisho alifukia shimo, akauza vifaa vyake, wakahamia kwenye shamba la Mshangano ambako hakuna aliyewajua sana.

Walburga alijifunza kutembea kwa magongo, na kupalilia mahindi akiwa amekaa chini, anajisogeza. Hakutaka kusaidiwa. Kajetani alikuwa analima tuta la jirani, na zilipita siku nzima wasiseme ila la chakula. Hakumwacha, wala Walburga hakumfukuza. Waumini wa kigango waliwasifu kwa kuvumiliana.

Mwaka mmoja, kabla ya mvua, alikuja kijana kutoka Mbinga na gari kuukuu, akaliegesha njiani. Alikuwa amesikia kwamba kuna fundi aliyewahi kufunga kabureta nne kwenye injini moja, na kwamba hata Dar es Salaam hakuna aliyeweza. Alimkuta Walburga peke yake uani anapukuchua mahindi, akamsalimu kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Namtafuta fundi Kajetani."

"Marahaba. Wa nini?"

Kijana akamweleza kwa furaha, mikono inachora hewani. Kajetani alikuwa nyuma ya nyumba anasuka kamba ya mbuzi. Alisikia kila neno. Alisikia kijana anavyotaja vipimo, na kimojawapo alikitaja vibaya, na mikono ya Kajetani ikasimama.

"Fundi huyo hayupo," alisema Walburga.

"Alihama?"

"Hayupo."

Kijana alishukuru akaondoka. Gari lake liliwaka kwa shida, likakohoa, likapanda barabara kuelekea mjini. Kajetani alibaki na kamba mikononi mpaka sauti ilipopotea. Alipozunguka uani, Walburga alikuwa ameinamia mahindi.

"Ungeniita," alisema Kajetani.

"Ungekwenda," alisema Walburga, na akaendelea kupukuchua.