Ursula Pask na Kiapo cha Chini ya Shela

Ursula Pask alikuwa fundi wa mavazi katika ukumbi wa michezo wa Southwark, ng'ambo ya mto kutoka mjini. Nilimjua kabla ya hapo, tukigombania mitumba ya mabwana wakubwa. Bwana akifa, nguo zake huachiwa watumishi, na mtumishi haruhusiwi kuvaa hariri, kwa hiyo huiuza. Ursula alikuwa anafika mlangoni kabla maiti haijapoa. Alianza na sindano moja, mjane asiye na mtoto. Alipofika miaka arobaini alikuwa na duka lenye kufuli mbili. Hakutaka kuolewa tena. Mwanamke akiolewa, duka linakuwa la mume.

Gilbert Rusk, mchezaji mwenye sura nzuri na soksi zenye matundu, alimfuata mwaka mzima.

"Bibi Pask, utalala peke yako mpaka lini?"

"Toa mguu kwenye hariri yangu, Gilbert."

Siku moja ulichezwa mchezo wa kuchekesha. Msichana anajivika nguo za kiume ili ampime mchumba wake, na mwishoni anarudi amefunikwa shela, mchumba anamwoa akidhani ni mwingine. Kwetu mwanamke hapandi jukwaani, sehemu yake huchezwa na mvulana. Mvulana wetu, Tobias, alikuwa amekula chaza walioharibika, na zamu ya harusi ilimkuta kainamia ndoo. Mzee Cradock, mkuu wa kundi, akamshika Ursula mkono.

"Shela inafunika kila kitu, dada. Mstari mmoja tu, na unaujua."

"Wakinigundua?"

"Watatufungia ukumbi. Kwa hiyo wasikugundue."

Ursula alijifunika shela, akapanda jukwaani. Sasa, kwa sheria ya kanisa, mwanamume na mwanamke wakitamkiana mbele ya mashahidi kwamba wamechukuana, hiyo ni ndoa, padri awepo asiwepo. Ndiyo maana wachezaji huapa kwa majina ya mchezo. Gilbert, aliyecheza mchumba na kujua ni nani yuko chini ya shela, alimkazia macho, akasema kwa sauti ya kufika nyuma kabisa:

"Mimi Gilbert Rusk nakuchukua wewe Ursula Pask kuwa mke wangu."

Ursula, kwa hofu ya kusahau mstari wake, alikuwa hasikii kitu kingine. Akajibu, "Nami nakuchukua kuwa mume wangu." Watu wakapiga makofi. Alipokuwa anashuka ngazi ndipo yale majina yalipomwingia kichwani. Nilikuwa pale chini. Alishika nguzo, uso mweupe kama unga.

Gilbert alimfuata akitabasamu. "Mke wangu, funguo za duka ziko wapi?"

"Ule ulikuwa mchezo."

"Kaiambie mahakama ya kanisa. Wapiga makasia wawili wa mtoni walisimama mbele ya jukwaa, wamesikia kila neno."

Siku nne hakula. Alihamisha magauni kwangu, kisha akayarudisha, akiogopa ataitwa mwizi wa mali ya mumewe. Mlango ukigongwa alijificha nyuma ya majoho. Akaniuliza kama mtu anaweza kukimbilia Flanders, ng'ambo ya bahari. Nikamwambia anaweza, ila duka halina miguu.

Gilbert alimshtaki. Mahakamani nilikaa nyuma ya Ursula, nikaona kola yake imelowa jasho. Wapiga makasia walirudia maneno vizuri. Hakimu akauliza, "Mliona uso wa bibi harusi?"

"Hapana, mheshimiwa. Shela."

"Na katika ukumbi ule, wanawake huchezwa na nani?"

"Wavulana, mheshimiwa. Nani asiyejua?"

Hakimu akamgeukia Gilbert. "Kwa hiyo, bwana, unadai umemwoa mvulana?"

Watu walicheka. Gilbert akafungua mdomo. Mzee Cradock alikuwa amekaa mlangoni na kundi zima, wamemtazama bila kupepesa. Gilbert akisema aliyekuwa chini ya shela ni mwanamke, ukumbi unafungwa, na hakuna kundi litakalompa hata sehemu ya mbwa. Ursula aliangalia ule mdomo wazi kama mtu anayeangalia paa linalotaka kuanguka. Ukajifunga polepole.

Kisha akaitwa Ursula, mkono juu ya Biblia. Je, aliolewa na mtu huyu?

Aliitazama Biblia, si hakimu. "Sikuolewa naye," akasema.

Duka lilibaki lake. Gilbert alihamia kundi la mikoani. Miaka miwili baadaye alikuja mwokaji mikate mmoja mpole, aliyefiwa na mke, na nilijua Ursula anampenda, kwa sababu alimuuzia shati bila kubishana bei. Alipomposa, Ursula alimkatalia.

"Una wazimu," nikamwambia. "Yule ni mtu wa kushika haraka."

Alikuwa anabana pindo, hakuinua macho. "Na kama Mungu alisikia majina? Nitakuwa na waume wawili, na nimeapa uongo juu ya mmoja."

Nikamshikia pindo, akaendelea. Mwokaji alioa mwingine kabla ya Pasaka, na gauni la harusi walikodi kwa Ursula.