Turubai la Meneja

Juzi nilikuwa kwenye ghala la pamba karibu na Mukuyuni, wakulima wamepanga magunia uani, mvua ikashuka ghafla. Makarani wanne wakaruka nje na turubai. Nikajiambia, hawa wanajua kazi. Wakayapita magunia mbio, wakafunika gari la meneja, maana kioo kimoja kilikuwa wazi.

"Na pamba yetu?" mama mmoja akauliza.

"Mama, hiyo hatujaambiwa," karani akajibu, akinyoosha kona ya turubai.

Meneja akatoka na mwavuli, akapapasa kiti cha gari, akatabasamu. "Kazi safi, vijana."

Kila mwaka ghala hilo hupata hasara, na kila mwaka meneja husingizia ukame. Ukame!

Yule mama alikamua pamba yake, akaniambia, "Msimu ujao nitaileta ndani ya gari la meneja."