Paa Aliyekuja Kwetu na Mshale

Jamani, leo Baba kamchinja paa wake mwenyewe.

Si wa kufuga. Ni yule wa mlimani, anayeshuka hapa kwetu Amerat, huku Uarabuni, kunywa maji kwenye beseni analowekewa na Baba nyuma ya nyumba.

Leo alasiri kaja na mshale begani. Kuwinda ni marufuku, lakini kuna mtu kaona ni mchezo.

Baba kakulia Tabora, akiwinda kwa upinde. Katazama mara moja tu.

"Kampiga kwa mbele, mshale umekwama kwenye mfupa. Angengoja paa ageuke ubavu, akamlenga nyuma tu ya mguu wa mbele, mshale ungepita mapafuni. Asingeteseka hivi."

Nikawapigia simu watu wa mazingira. Wakasema wako njiani. Lakini paa keshalala, damu inamtoka puani.

"Nipe kisu," Baba akaniambia. "Na maji."

Mnaijua ada yetu. Mnyama hunyweshwa kwanza, na kisu haonyeshwi.

Basi Baba kakificha kisu nyuma ya dishdasha, kanzu yake, kabeba beseni lile lile la kila siku. Mie nkadhani paa atajikokota akimbie.

Wallahi hakukimbia. Alinyanyua shingo, akanywa.

Baba kajifungia chumbani. Chai yake imepoa mlangoni.

Wewe uliyepiga, Mungu anakuona.

Na nyie wengine, nambieni. Kesho tuliweke tena beseni kwa paa wengine, au bora watuogope binadamu?