Rula Yangu na Kompyuta ya Mkwe

Nimeshasema sitaki kuandika, lakini mke wa mwanangu kaning'ang'ania kama kupe. Shule niliiacha darasa la pili. Kalamu naishika kama mwiko. Haya, someni.

Mkwe wangu huyu ni mwalimu. Miaka mitatu alikuwa akitengeneza kitabu cha watoto viziwi, picha zote kachora mwenyewe, zote zimo ndani ya kompyuta, nakala hana popote. Zilibaki siku nne akabidhi kitabu. Mimi nimekaa pembeni napinda pindo, nikasikia: tik, tik, krr.

“Mashine yako inaumwa,” nikamwambia.

“Ni feni tu, Mama. Vumbi.”

“Miaka arobaini nipo kwenye cherehani. Vumbi halisagi meno.”

Nikachukua rula yangu ya mbao, ncha moja juu ya kompyuta, nyingine sikioni, kama nifanyavyo cherehani ikigoma. Upande wa feni, mvumo umenyooka. Upande wa pili: tik, tik.

“Mama, unaipima mimba?”

“Cheka tu, mwenye digrii. Mwite fundi.”

Fundi akaja, akabonyeza hapa na pale, kompyuta ikaandika: diski ni nzima. Diski ndiyo ghala la picha zote. Akaanza kukusanya vitu vyake. Nikaukalia mkoba wake.

“Bibi, yenyewe imesema ni nzima!”

“Mlevi naye husema hajalewa. Pima tena, polepole.”

Akaanzisha kipimo kingine, kirefu, huku ananinunia. Chai haijaisha kikombeni, uso ukambadilika. Sehemu mbovu kumi na moja. Mara zikawa arobaini. “Tunakili sasa hivi!” Picha zikahamia diski mpya ya fundi moja moja, mkwe wangu kauma kanga. Ya mwisho ilipoingia tu, ile ya zamani ikakwaruza, ikakata roho.

Mwalimu mzima akaninyanyua juujuu mpaka uani, anapiga vigelegele!

“Nishushe we, nina nyonga mimi!”

Kitabu kilikabidhiwa siku yake. Fundi naye siku hizi anatembea na rula mkobani, anadhani sikumwona. Na ukurasa wa kwanza wa kitabu mkwe wangu kanichora mimi, bibi kaweka rula sikioni. Nilifurahi mpaka nikaitazama vizuri ile pua. Pua gani ile? Kama birika!

Sasa wewe uliyesoma, weka hii karatasi chini, kanakili vitu vyako leo. Kisha njoo kwangu, unitazame pua yangu, halafu ukamwambie mkwe wangu mbele yangu kwamba aipunguze ile ya kitabuni.