Udi Unakwenda Wapi?

Asubuhi moja ya Januari, huku ughaibuni kwenye baridi, nilimrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikapanda basi la kwanza lililosimama. Sikuwa na mpango. Ndivyo nilivyo, rafiki yangu: shule niliiacha mapema, lakini tabia ya kufuata kitu nione kinaishia wapi haijaniacha. Tulipofika Tooting mlango wa basi ulifunguka, ikaingia harufu ya udi kutoka duka moja. Nikashuka mbio.

Mtaa tuliokaa nilipokuwa mdogo uko nyuma ya maduka yale. Nyumba yetu sasa ina madirisha mapya na watu wengine. Wakati wetu vioo vilitetemeka kila lori lilipopita, na asubuhi vilikuwa vimelowa kwa ndani, nikivichora kwa kidole. Hita tuliwasha saa ya chakula tu, maana mita ilimeza kila sarafu tuliyoilisha. Tulijibana chumba kimoja, Mama, Bibi na mimi. Bibi alivaa kanga juu ya sweta, sweta juu ya dera, na miguuni soksi za marehemu Babu.

Mwaka mmoja kifua cha Bibi kilianza kukoroma. Mama akampigia simu mjomba, aliyekuwa na fleti yenye joto katika mji mwingine, wakakubaliana aje Jumapili amchukue. Bibi hakutaka. Mimi ndiyo kabisa: nani angenisuka, nani angenisimulia habari za Wete, kwao Pemba?

"Mimi si kabati la kuhamishwahamishwa," Bibi alisema, akageukia ukuta.

"Mama, nyumba hii itakuua," Mama akamjibu.

Alhamisi magharibi, kama desturi yake, Bibi alifunga milango, akatia kaa la moto kwenye chetezo, na juu yake udi. Kwao Pemba harufu ingekaa kwenye mapazia mpaka kesho yake. Hapa iliondoka kabla hatujamaliza kula. Bibi alikuwa na jibu lake: kauziwa udi wa uongo. Siku chache kabla nilikuwa naye dukani akimvaa muuzaji.

"Hukuniuzia udi wewe, umeniuzia kuni!"

"Bibi yangu, udi huo ndio wanaochukua maharusi wote."

"Basi hao maharusi hawana pua."

Lakini jioni ile mimi nilikuwa nautazama moshi. Haukupanda juu. Ulilala, ukapita juu ya kitanda, ukajipenyeza nyuma ya kabati. Nikasogeza chetezo karibu na dirisha, nikidhani utageuka. Wapi! Ukakimbilia kulekule.

"Bibi, udi wako unatoroka."

"Unatoroka kwenda wapi, una miguu?"

Tukalisukuma kabati. Nyuma yake palikuwa na meko ya zamani, ya enzi za makaa ya mawe, yamezibwa kwa ubao uliopasuka, na dohani yake wazi mpaka juu ya paa. Joto letu lote lilikuwa likipandia humo pamoja na udi. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akachukua mto wake wa usufi, ule aliokuja nao kutoka Pemba na ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuulalia, akausokomeza dohani. Kisha tukazunguka na chetezo, chini ya mlango, kando ya madirisha. Kila moshi ulipoyumba, tulisokomeza kipande cha kanga kuukuu. Tundu la hewa la jikoni tu Mama alitukataza kuliziba: nyumba nayo lazima ipumue.

Muuzaji wa udi hakuombwa radhi. Bibi alimwambia tu kwamba mzigo wa safari hii una afadhali.

Jumapili mjomba akaja. Kwetu wageni walikaa bila kuvua makoti, kwa baridi. Mjomba akanywa chai ya tangawizi, akala mkate wa kumimina, na katikati ya maneno, bila kujijua, akavua koti. Mama akalitazama koti. Bibi akalitazama.

"Mbona mnalikodolea macho?" mjomba akauliza.

"Kalitundike," Bibi akasema.

Habari ya safari haikuzungumzwa tena. Bibi alikaa nasi mpaka mwisho wa uhai wake.

Nilipochoka kusimama mbele ya nyumba ile nilipanda treni, nikashuka Queensbury kwa sababu sijawahi kushuka pale. Kwenye kioo cha duka palikuwa na tangazo la chumba. Mwenyewe ni mama wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa. Chumba kina joto la kutosha, naye hulipunguza kwa simu akiwa sebuleni kwake.

"Kufukiza udi humu sahau, mwanangu. Kile kidude cha darini kikisikia moshi kitalia mtaa mzima utoke."

Nikakitazama kidude. Siku hizi nyumba hazivuji, na hakuna anayelazimika kukaa chumba kimoja na mwenzake ili apate joto. Kila mtu ana mlango wake, na anaufunga. Sijui tungemjuaje Bibi katika nyumba ya namna hii.

"Utakaa hata lini?" mama yule akauliza.

Swali hilo kwa kawaida hunikimbiza.

"Mpaka baridi iishe," nikasema.